Somo: Kuchagua kozi za hesabu na sayansi za chuo mtandaoni, anza na mwalimu

Habari zenu wanachama. Kila likizo ndefu ikikaribia, vijana wa Ng'ong'ona na Makulu wananiuliza wasome kozi gani mtandaoni ili kalkulasi isiwatese tena. Wengi wanapofika kwangu wameshachagua, na wamechagua kwa jina la chuo: jina kubwa, picha ya majengo ya kale, cheti chenye nembo. Mimi nafundisha hesabu za mwaka wa kwanza hapa Dodoma, na msimamo wangu ni kwamba kwenye hesabu, fizikia na kemia unachagua mwalimu kwanza, chuo baadaye. Mada za masomo haya zinajengwa moja juu ya nyingine. Limiti zikikupita wiki ya pili, ikifika wiki ya sita unanakili tu alama ubaoni. Anayekuvusha pale ni mwalimu, na mwalimu anaweza kupimwa kabla hujalipa chochote.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Kuna anayetaka kuelewa tu ili afaulu mtihani wa chuoni kwake. Huyo ana uhuru wote, na vitu vya bure vinamtosha. Kuna anayetaka kozi ihesabiwe kwenye shahada yake. Huyo aende taratibu.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, maabara, mazoezi na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Sasa chukua kozi ya mtandaoni ya wiki nne, saa tatu kwa wiki: ni saa 12. Hata kama imetoka chuo maarufu duniani, idara haiwezi kuiweka mahali pa kozi ya saa 120. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chapisha muhtasari wa kozi, nenda nao kwa mkuu wa idara au mratibu wa masomo, uliza kama itatambuliwa, na uombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo la kwenye korido halitakusaidia mratibu akihamishwa.

Anayetaka shahada nzima bila kukaa bweni, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo kwa ajili hiyo. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kina kituo hapa Dodoma.

Hatua ya pili: pima ngazi

Majina ya kozi za Marekani yanapotosha watu wetu. "College Algebra" ni ya chuo kwa jina, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo mwanafunzi wetu ameshayaona sekondari. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha tano na sita na kufaulu Advanced Mathematics ataikuta "Calculus I" ni marudio zaidi: limiti, difarensiesheni na mwanzo wa intigresheni. Kazi mpya kwake inaanza "Calculus II", kwenye mbinu za intigresheni na mfululizo. Lakini aliyetoka PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia) akiwa na BAM, yaani hesabu nyepesi za ziada, asione aibu kuanzia "Precalculus". Wapo wanaoruka hapo kwa kujiona wamekua, na kinachowaangusha baadaye si kalkulasi yenyewe, ni vipeo, logi na trigonometria.

Chukua silabasi ya kozi yako ya chuoni, iweke pembeni ya ile ya mtandaoni, weka alama mada kwa mada. Kazi ya jioni moja.

Hatua ya tatu: msikilize mwalimu kwenye mada ngumu

Hapa ndipo ninapotaka mtumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Video ya utangulizi usiitumie kupimia. Kila mtu anaweza kuipamba. Ingia moja kwa moja kwenye mada iliyokushinda. Kwa kalkulasi mimi hutumia difarensiesheni ya x², yaani kutafuta inabadilika kwa kasi gani x ikiongezeka kidogo; ongezeko hilo dogo tunaliita h. Mwalimu ataandika (x + h)², atatoa x², kisha atagawa kwa h. Ukifungua mabano, juu kunabaki 2xh + h². Ukigawa kwa h unapata 2x + h. Halafu h inaelekea sifuri, jibu linakuwa 2x.

Tega sikio hapo. Mwanafunzi makini lazima ajiulize: tumegawa kwa h, halafu tunaifanya h kuwa sifuri, wakati tangu shule ya msingi tumekatazwa kugawa kwa sifuri? Mwalimu anayejua kazi yake atalitaja swali hilo mwenyewe kabla hujaliuliza. Ataeleza kwamba tulipogawa, h haikuwa sifuri. Na kwamba hatuulizi kinachotokea h ikiwa sifuri, tunauliza jibu linakaribia wapi h inavyozidi kuwa ndogo. Atachukua x = 3, aweke h = 0.1 upate 6.1, aweke h = 0.01 upate 6.01, ndipo aandike 6. Asiyejua kufundisha atasema "h inaondoka", atafuta, ataendelea. Hajakosea kanuni, ila amekuacha njiani.

Ukitaka kuona ufundishaji mzuri ulivyo, tafuta mihadhara ya aljebra ya linia ya Gilbert Strang wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, kozi namba 18.06, iliyorekodiwa mwaka 1999 na kuwekwa bure kwenye MIT OpenCourseWare. Mhadhara wa kwanza anaanza na milinganyo miwili tu, 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Anaichora kama mistari miwili inayokutana kwenye nukta (1, 2). Kisha anaitazama upya kwa safu wima: ana vekta (2, −1) na vekta (−1, 2), na anauliza achukue ngapi za kila moja ili afike (0, 3). Jibu ni lile lile, moja na mbili, lakini sasa umeliona kwa macho mengine, na kozi nzima inasimama juu ya mtazamo huo wa pili. Ubao wa chaki, hakuna mapambo yoyote. Strang alistaafu mwaka 2023, na mihadhara yake bado inafundisha.

Kwa fizikia na kemia angalia jambo jingine: vizio. Mwalimu wa kemia anayekokotoa moli bila kuandika gramu na gramu kwa moli kila mstari anakufundisha kubahatisha. Mwalimu wa fizikia achore mchoro wa nguvu kabla ya kugusa kanuni. Akikimbilia kanuni, tafuta mwingine.

Hatua ya nne: uliza nani anasahihisha

Anayeonekana kwenye video si lazima awe ndiye atakayejibu maswali yako. Kozi nyingi zilirekodiwa miaka mingi nyuma, mwenyewe ameshaenda kwenye kazi nyingine. Hiyo si dosari kama unajisomea tu. Ila ukiwa unalipia, una haki ya kujua jina la mkufunzi wa muhula huu, anajibu maswali ndani ya siku ngapi, na kazi zako zinasahihishwa na mtu au na kompyuta. Pitia maswali ya wanafunzi wa nyuma. Ukiona yamekaa wiki tatu bila jibu, umeshapata taarifa yako.

Kwizi za kuchagua A, B, C, D pekee hazitoshi kwa hesabu. Chuoni utaulizwa uthibitishe, na alama zipo kwenye hatua. Tafuta kozi yenye mazoezi marefu na majibu yaliyoandikwa hatua kwa hatua. Usipoyapata humo, pakua vitabu vya bure vya OpenStax vya Chuo Kikuu cha Rice: wana kalkulasi juzuu tatu, fizikia ya chuo, kemia na biolojia.

Hatua ya tano: saa, bando na umeme

Darasa la moja kwa moja linaloanza saa 1 jioni New York, kwetu ni saa 9 usiku wakati wa baridi yao, na saa 8 usiku wanaposogeza saa zao mbele kuanzia Machi hadi Novemba. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la Mtumba hawezi kulimudi muhula mzima. Chagua iliyorekodiwa, au ya India, ambao wametutangulia kwa saa mbili na nusu tu. Mihadhara ya NPTEL, mradi wa vyuo vya teknolojia na sayansi vya huko, IIT na IISc, ulioanza 2003, ni mizuri kwa hesabu za uhandisi.

Pakua usiku penye intaneti nzuri, sikiliza mchana bila bando. Ubora wa 360 unatosha kusoma ubao. Chini ya hapo vipeo vinakuwa ukungu. Na kama mtihani unasimamiwa kwa kamera, uliza mapema inakuwaje umeme ukikatika katikati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa sekondari, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya ualimu wa hesabu na fizikia, nimekusanya vyeti vya mtandaoni karibu kumi. Je, nikiviunganisha vinaweza kunipandisha kuwa na shahada?

*Jibu:* Marahaba mwalimu mwenzangu, na hongera kwa juhudi. Hapana, vyeti vya kozi fupi haviungani vikawa shahada. Unahitaji kudahiliwa kwenye programu inayotambuliwa na TCU. Angalia kwenye mwongozo wao wa udahili sifa za kuingilia kwa wenye diploma, halafu nenda kituo cha Chuo Kikuu Huria ukiwa na vyeti vyako vya ualimu. Ulichosoma mtandaoni hakijapotea, kitakupunguzia mzigo wa mwaka wa kwanza.

Mwanafunzi mwaka wa kwanza: Mwalimu nina sapu (mtihani wa marudio) ya kalkulasi, zimebaki wiki sita. Nianze kozi gani?

*Jibu:* Usianze kozi yoyote, mdogo wangu. Kozi nzima ni wiki 12 hadi 15, itakumaliza pumzi. Chukua mitihani ya nyuma ya idara yako, tafuta mada tatu zinazorudi kila mwaka, kisha sikiliza mihadhara ya mada hizo tu kwenye kozi ya kalkulasi ya MIT, namba 18.01. Kwa kila video moja, fanya maswali kumi kwa mkono wako kitabu kikiwa kimefungwa. Sapu haiwaulizi mmeangalia video ngapi.

Mama wa Nkuhungu: Habari mwalimu. Kijana wangu amemaliza CBG, anasubiri chuo. Shuleni kwao maabara ilikuwa haina vifaa. Kuna kozi ya mtandaoni ya kemia ya kumfidia vitendo?

*Jibu:* Nzuri mama. Nitakuambia ukweli: hakuna video inayomfundisha mtu kushika bureti. Rangi ikibadilika kwa tone moja, ni jicho na mkono wake ndio vinajifunza. Lakini nadharia nyuma ya jaribio anaweza kuijenga kabisa. Mwonyeshe PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia wa 2001. Ni majaribio ya kwenye skrini: anaongeza asidi, anaona pH (kipimo cha uasidi) inashuka, anabadilisha ukolezo. Ni bure na yapo mengi yanayofunguka hata kwenye simu. Kisha uliza kwenye sekondari ya jirani yenye maabara kama mwalimu wa kemia atakubali ahudhurie vipindi vya vitendo. Walimu wengi hukubali kijana akija na adabu na koti lake la maabara.

Mwanachama, Kondoa: Mimi Kiingereza cha hawa wahadhiri kinanikimbia. Nikirudisha nyuma mara tano nachoka.

*Jibu:* Punguza kasi hadi 0.75 na uwashe maandishi ya chini ya video. Muhimu zaidi, soma kurasa za mada hiyo kwenye kitabu kabla ya kusikiliza, ili maneno yakija yawe ni wenyeji wako. Halafu kaa na mwenzako mmoja mweleze mada hiyo kwa Kiswahili. Pale utakapokwama kueleza, rudi dakika hiyo hiyo ya video. Ukikwama kila baada ya dakika mbili, mwalimu huyo hakufai kwa sasa, badilisha. Kalkulasi inafundishwa na watu wengi.

Mwanachama, Kisasa: Nimetumiwa tangazo la "chuo" kinachotoa shahada ya takwimu kwa miezi minne, malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ada ni ndogo sana.

*Jibu:* Usitume hela, kaka. Shahada yetu ni krediti 360, yaani saa 3,600 za kazi. Gawanya kwa siku 120 za miezi minne: ni saa 30 kila siku.