Kukokotoa uwezekano wa binomia kwa lahajedwali

Tuseme umepanda mbegu 20 za mahindi ambazo kila moja ina uwezekano wa 0.9 wa kuota, bila kutegemea nyingine, nawe unataka kujua uwezekano wa kuota mbegu 18 kamili. Huo ndio uwezekano wa binomia, yaani uwezekano wa kupata idadi fulani ya mafanikio katika majaribio yasiyotegemeana, yenye uwezekano uleule. Katika seli yoyote ya Excel andika =BINOM.DIST(18,20,0.9,FALSE), nawe utapata takriban 0.285. Namba ya kwanza ni idadi ya mbegu zinazoota, ya pili ni jumla ya mbegu, ya tatu ni uwezekano wa mbegu moja, na neno la mwisho huiagiza programu itoe uwezekano wa idadi hiyo peke yake.

Ukiandika TRUE, programu hujumlisha kuanzia 0 hadi idadi uliyotaja, na hapo ndipo umakini unapohitajika zaidi, kwa sababu anayetafuta uwezekano wa kuota angalau mbegu 18 anapaswa kuondoa katika 1 uwezekano wa kuota 17 au pungufu, yaani =1-BINOM.DIST(17,20,0.9,TRUE), ambayo hutoa 0.677. Ukiweka 18 mahali pa 17 utapata 0.392, jibu la swali jingine kabisa, kwani huo ni uwezekano wa kuota zaidi ya mbegu 18, na programu haitakuonya.

Fomula ikikataliwa, jaribu nukta mkato badala ya mkato, kwa kuwa baadhi ya kompyuta zimepangwa hivyo. Matoleo ya Excel yaliyotangulia lile la 2010 hutumia BINOMDIST, bila nukta.