Kutoka jasho na kukaa sauna: namna ya kunufaika bila kujidhuru

Alfajiri, kwenye barabara inayopanda Capri Point jijini Mwanza, mara nyingi hupishana na wakimbiaji waliojizungushia nailoni tumboni, wakiamini kwamba jasho linalowachuruzika ni mafuta yanayoyeyuka na sumu inayotoka mwilini. Naiheshimu juhudi yao, lakini imani hiyo si sahihi. Jasho karibu lote ni maji yenye chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Wanaosafisha damu ni ini na figo. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya kukimbia: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, nayo hurudi ukishakunywa. Nailoni huzuia jasho kukauka na kuupandisha joto mwili, kwa hiyo ivue.

Sauna, yaani chumba cha joto kali ambamo watu hukaa watoke jasho, ina hoja nzito zaidi. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Ufini na kuchapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20, ulionyesha kwamba walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja. Huenda wenye afya njema ndio waliozoea kwenda mara nyingi. Hata hivyo, inajulikana kwamba joto hutanua mishipa ya damu na kuongeza mapigo ya moyo, kama mtu anayetembea kwa haraka. Faida hiyo, kama ipo, basi, huenda hutokana na joto lenyewe, wala si wingi wa jasho.

Ukipata sauna hotelini, anza na dakika 5 hadi 10 kwenye benchi la chini, usiingie ukiwa umekunywa pombe, na toka mara unapohisi kizunguzungu. Mjamzito, mwenye maumivu ya kifua na anayetumia dawa za presha amwone daktari kwanza.

Anayejifukiza nyumbani kwa nyungu aepuke hatari mbili. Sufuria ikae imara sakafuni, mbali na watoto, kwa kuwa maji yanayochemka huunguza vibaya. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chini ya blanketi, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua.

Wafini hutoka kwenye joto na kujitosa ziwani. Sisi wa ukanda wa Ziwa Victoria tusiwaige, kwa sababu maji ya kina kifupi yenye majani na konokono ndiyo yanayotuambukiza kichocho. Jimwagie maji ya bomba kwa ndoo, kaa kivulini, kisha kunywa maji yaliyochemshwa kidogo kidogo hadi mkojo urudi kuwa wa njano hafifu.