Namna ninavyoipima riwaya ya distopia kwa utu wa watu wake

Mimi huanzia ukurasa wa mwisho wa daftari la kaunta. Nauchora mstari katikati: kushoto naandika "hofu", kulia "faida". Kila mhusika akitenda ubaya, namwandika upande wake. Riwaya za distopia, zile za nchi ambayo dola inakuchungulia mpaka chumbani, zina ugonjwa mmoja: dhambi zote anabebeshwa mtawala, raia wanabaki malaika. Daftari likija hivyo, naikata alama hata kama imenikosesha usingizi.

Chukua 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Dada mmoja wa kikundi chetu cha kusoma aliifunga katikati. "Kaka, huyu Winston, mhusika mkuu, hana utu. Nimhurumie kwa lipi?" Nikamwomba asome tena pale Winston na mpenzi wake Julia wanapokwenda kwa O'Brien, mkubwa wa chama tawala, wakidhani ni mpinzani mwenzao. Anawauliza: mko tayari kuua? Ndiyo. Na kummwagia mtoto tindikali usoni, ikibidi? Ndiyo. Hakuna aliyewashikia bunduki. Wanachokataa ni kutenganishwa tu. Mara ya kwanza mimi mwenyewe nilipapita mbio, nikiwashangilia.

Baadaye Winston yuko kizuizini, mwili umekwisha. O'Brien anamuuliza kama anajiona bora kuliko watesi wake. Anajiona. Basi anawekewa sauti iliyorekodiwa usiku ule, na ni yake mwenyewe, inakubali ile tindikali.

Hapo daftari langu lilinishinda. Ile "ndiyo" ya tindikali si ya hofu, na faida haimo. Ikabidi nichore safu ya tatu, nikaiita "kwa ajili ya haki". Siku hizi ndiyo ninayoitazama kwanza. Riwaya ambayo safu hiyo iko tupu, mwandishi wake kawaogopa watu wema.

Kisha mtafute aliyejua akanyamaza. Wengi tunamfahamu kutoka Shamba la Wanyama ya Orwell huyohuyo, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967: yule punda mzee. Anajua kusoma sawa na nguruwe yeyote, lakini hasomi, anasema hakuna cha maana cha kusoma. Anakuja kuwasomea wenzake maandishi ya ubavuni mwa gari la mchinja farasi wakati rafiki yake ameshapakiwa ndani. Mwandishi hamtukani wala hamhubirii. Nikikuta mhusika wa aina hii ameachwa bila kuhukumiwa, naongeza alama.

Watoto nao waangalie, ila usikae sana hapo. Katika 1984, Parsons, jirani wa Winston, anashtakiwa na bintiye wa miaka saba, naye baba anamwonea fahari binti huyo. Inatosha.

Mwisho, kabla ya kumkata mtu alama, uliza kama alikuwa na njia nyingine. Dada yangu yule aliimaliza, na mpaka leo anamkata Winston kwa Chumba 101, chumba cha mateso ambamo kila mtu hukutanishwa na anachokiogopa kuliko vyote, anapopiga kelele panya wapelekewe Julia badala yake. Mimi pale namwandika "hofu" na simkati hata nusu. Amefungwa kitini, panya wako karibu na uso wake. Kwa ile tindikali namkata, maana siku ile hakuna aliyemfunga, na angeweza kukataa.