Mzigo Ufike: Namna ya Kutuma na Kupokea Vifurushi kwa Basi, Boda na Posta

Boksi langu la madera kumi na mawili lilitakiwa kushuka Muleba. Lilikaa Bukoba siku kumi na moja. Basi lilipita Muleba usiku, utingo akafungua buti, akamulika maboksi ya juu kwa tochi ya simu, hakuona lililoandikwa Muleba, akafunga wakaendelea. Langu lilikuwa limeandikwa, tena kwa herufi kubwa, ila upande mmoja tu, na upande huo ndio uliolalia chini.

Nauza madera na vitenge Sinza, Dar es Salaam, karibu na Mori, huu mwaka wa saba. Wateja wangu wengi siwajui sura. Yuko wa Songea, yuko wa Kahama, yuko mwalimu wa Mpanda ambaye kila mwezi wa mshahara ananunulia na wenzake shuleni. Hao wote wananitumia hela kwanza ndipo nitume mzigo, kwa hiyo mzigo ukipotea njiani, kilichopotea ni amana ya mtu. Ninayoandika hapa nimejifunza kwa mizigo iliyofika na kwa michache iliyonitoa machozi.

Kufunga na kuandika

Anza na nailoni, hata kama una boksi zuri. Buti lililoleta dagaa Dar jana ndilo litakalobeba dera lako kesho likirudi, na sakafu yake haioshwi kwa ajili yako. Mimi natia nguo kwenye mfuko wa nailoni, natoa hewa, nafunga, ndipo naweka kwenye boksi. Boksi la dukani lililokwisha kutumika linafaa, lakini futa kabisa maandishi ya zamani. Niliwahi kuona mzigo wa jirani yangu ukizungushwa kwa sababu pembeni palikuwa bado na jina la duka la Arusha. Soltepu iwe ile pana ya kahawia, izunguke boksi mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana. Kama mzigo ni mkubwa, tia boksi ndani ya mfuko wa salfeti na ushone mdomo kwa sindano na uzi wa nailoni. Mfuko ulioshonwa ukifunguliwa njiani utajua tu, maana hakuna mtu atakayekaa stendi kuushona upya vile vile.

Vyombo vya kuvunjika vifunge kimoja kimoja na nguo au magazeti, kisha tikisa boksi. Ukisikia kitu kinacheza, bado hujafunga. Usiweke tumaini kwenye maneno "shika kwa uangalifu". Saa kumi alfajiri, vijana wakipakia mizigo mia, hakuna anayesoma. Mafuta ya nywele, asali na vitu vya maji kaza kizibo, zungushia soltepu, kisha nailoni yake peke yake, mbali na nguo.

Baada ya mkasa wa Muleba naandika pande zote sita. Ndiyo, sita, juu na chini pia. Natumia maka peni nyeusi moja kwa moja kwenye boksi, kwa sababu karatasi ya kubandika huchanika. Naandika majina matatu ya mpokeaji, namba zake mbili za simu, mji, stendi au mahali pa kushushia, kisha jina langu na namba yangu. Jina la mtaani halitoshi. Nilipata kuwa na wateja wawili wa Mwanza, wote nimewahifadhi kwenye simu kama Mama Junior, na maboksi yao yalisafiri siku moja. Mmoja alipokea madera ya saizi ya mwenzake, na kuyabadilishana kulinigharimu nauli za bajaji mara mbili, pamoja na kuwaomba radhi watu wawili walioniamini. Sasa kila mteja mpya namwambia: "Dada, niandikie majina kama yalivyo kwenye kitambulisho chako." Nao ofisini huko mbele watamdai kitambulisho hicho hicho.

Uliza pia ni stendi gani hasa. Mtu akikwambia "nipo Mwanza", basi la kutoka Dar huishia Nyegezi, na yeye huenda anakaa upande wa Nyamhongolo, mwisho mwingine wa jiji. Ni haki yake kujua mapema kwamba atalazimika kuufuata.

Kwenye ofisi ya basi

Peleka mzigo ofisini, kwenye dirisha la vifurushi. Usimpe konda mlangoni, na usimpe kabisa kijana anayekukimbilia getini akisema "lete nikusaidie, mama". Pale Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wapiga debe ni wengi na baadhi yao ni watu wema, lakini mwema asiye na kitabu cha risiti hawezi kukujibia kesho. Mimi hupeleka zaidi kwenye ofisi za mabasi za Shekilango kwa sababu ni karibu na Sinza. Nafika jioni, kabla ya saa kumi na mbili, mzigo unaandikwa kwa utulivu na unaondoka alfajiri. Wanaofika alfajiri yenyewe hukuta karani anakata tiketi, anajibu simu na anagombana na abiria, na hapo ndipo makosa ya kuandika huzaliwa.

Salamu inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Yuko mzee anayepanga mizigo katika ofisi moja, namwamkia shikamoo kila nikifika, namuuliza wajukuu. Siku nikiwa na mzigo wa kushuka njiani namwambia, "Mzee wangu, huu unashuka Igunga, naomba usiingie ndani sana." Naye anauweka karibu na mlango wa buti. Mzigo wa kushuka katikati ya safari ndio wenye hatari zaidi. Wa mwisho wa safari utashuka tu, kwa kuwa buti lote linamwagwa.

Risiti isome ukiwa bado dirishani. Iwe na jina la mpokeaji, namba yake ya simu, mji, idadi ya vifurushi, kilichomo, na kiasi ulicholipa. Kama umeleta maboksi matatu na risiti imeandikwa "mzigo 1", mwambie karani arekebishe hapo hapo. Taja thamani ya kweli ya mali yako na uombe iandikwe. Geuza na nyuma, maana maandishi madogo ya pale ndiyo yanayosema kampuni italipa kiasi gani mzigo ukipotea, na mara nyingi ni kidogo sana ukilinganisha na mali. Kwa boksi la kawaida mimi hulipa kati ya shilingi 5,000 na 10,000 kutegemea uzito na umbali. Patana nauli kabla hawajakuandikia, na elewaneni na mteja wako nani analipa, ili asifike dirishani kule akaambiwa anadaiwa.

Kisha piga picha nne: mzigo ukiwa wazi unaonyesha kilichomo, mzigo uliofungwa ukiwa na maandishi, risiti, na namba ya basi kama limeshapangwa. Basi linaweza kubadilishwa usiku likiharibika, kwa hiyo namba ya basi peke yake isikutoshe. Omba namba ya simu ya ofisi ya kule mzigo unakokwenda. Vyote hivyo mtumie mpokeaji pamoja na siku ya kufika.

Ukimwandikia muda, usiandike "saa 12" ukaacha hapo. Andika saa 12 asubuhi au saa 12 jioni. Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, lipo linaloondoka alfajiri na lipo linaloondoka jioni kwa safari ile ile, na mteja wangu mmoja wa Mbeya alikaa stendi tangu asubuhi akisubiri mzigo uliokuwa bado Chalinze.

Wewe ukiwa mpokeaji, nenda siku ile ile. Ofisi nyingi za vifurushi ni chumba kidogo, na mzigo uliokaa husogezwa, hupangiwa juu, hufichwa na mingine. Nenda na kitambulisho na picha ya risiti. Kagua soltepu kabla ya kutia sahihi. Ukiona imekatwa au salfeti imefunguka, fungua mbele ya karani na hesabu mkiwa wawili. Ukishasaini na kuondoka, neno lako linakuwa jepesi.

Boda na mlangoni

Ndani ya jiji mzigo wangu unabebwa na boda, na nimekuwa na kijana mmoja kwa miaka minne. Namwita mdogo wangu, nalijua jina lake kamili, nina picha ya leseni yake na najua kijiwe chake. Ukimchukua wa barabarani, piga picha namba ya pikipiki kabla hajaondoka. Hataudhika, aliyezoea kazi hii anajua sababu.

Kazi ngumu ya boda ni kuitafuta nyumba. Mitaa mingi sasa ina vibao na nyumba zina namba tangu lile zoezi la anwani za makazi la 2022, na ni vizuri uijue namba yako. Lakini boda bado anaelekezwa kwa vitu anavyoviona. Mwelekeze kwa mpangilio, kutoka barabara kubwa kuja ndani: shuka Sinza Mori, ingia barabara ya vumbi kushoto, pita msikiti, ukifika dukani kwa Mangi mwenye friji nyekundu nje hesabu geti la tatu kulia, la bluu. Tumia vitu visivyohama. Mama wa chapati hayupo baada ya saa nne, na gari lililoegeshwa litaondoka. Ukimtumia eneo lako kwenye ramani ya simu, mtumie ukiwa umesimama getini, si ukiwa kazini mjini.

Ukilipia mlangoni, fungua kwanza, jaribu, ndipo ulipe. Muuzaji mkweli hakatai. Hata hivyo mpe boda nauli yake hata kama bidhaa umeirudisha. Yeye amekuja, mafuta yamekwisha, kosa la saizi si lake.

Posta

Vijana wengi wameisahau Posta, nami nasikitika kwa hilo. Nyaraka naipa Posta: vyeti, hati, barua za kusaini. Vilevile mzigo wa nje ya nchi. Ukituma kwa rejista au kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta, unapewa namba ya kufuatilia yenye herufi na tarakimu 13: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili za nchi ulikotoka, kwetu TZ. Namba hiyo ndiyo itakayoulizwa hadi nchi ya mwisho, kwa hiyo usiitupe risiti yenye namba hiyo. Fomu ya forodha ijaze ukweli: "madera 3 ya pamba" ni bora kuliko "zawadi", kwa sababu afisa asiyeelewa kilichomo atafungua.

Kifurushi kilichoandikwa S.L.P. hakikufuati nyumbani. Utapata taarifa, uende dirishani na kitambulisho. Kwa hiyo hakikisha namba ya simu imeandikwa chini ya S.L.P., hasa kama unatumia sanduku la shule, kanisa au ofisi, ambako karatasi ya taarifa inaweza kukaa kwenye droo ya katibu wiki nzima.

Simu ya mzigo usioujua

Utapigiwa: "Dada, nina mzigo wako hapa stendi, tuma 15,000 ya kutolea." Au ujumbe utaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Usitume. Muulize mzigo umetoka kwa nani na namba ya risiti ni ipi, kisha kata, na piga mwenyewe ile namba ya ofisi uliyopewa na aliyekutumia. Namba ya siri ya simu yako haihusiki na mzigo wowote duniani. Waambie na wazazi. Mama yangu mzazi alikaribia kutuma kwa sababu kweli nilikuwa nimemtumia mzigo wiki hiyo.

Mzigo ukipotea

Usisubiri. Siku iliyopangwa ikipita bila mzigo, piga ofisi ya kule, kisha nenda mwenyewe ofisi ya huku na risiti. Omba waangalie kitabu chao: ulipakiwa basi gani, nani alikuwa konda. Omba wapige simu kila kituo cha mbele ya pale ulipotakiwa kushuka, kwa sababu mzigo uliopitilizwa ni mwingi kuliko ulioibwa. Wakianza kukuzungusha, andika barua fupi yenye tarehe, uache nakala na upate mhuri kwenye yako. Huduma za vifurushi ziko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nako malalamiko hupokelewa. Ukiwa na ushahidi wa wizi, toa taarifa polisi na uchukue RB, yaani namba ya taarifa hiyo. Na mteja wako mpigie wewe kabla hajakupigia.

Mimi kwa lile boksi la Muleba niliambiwa siku tisa mfululizo kwamba halipo. Siku ya kumi nikamtumia karani wa Bukoba picha ya boksi, ikionyesha kona iliyobonyea na doa la rangi upande wa kushoto. Kesho yake asubuhi akanipigia: lilikuwa chini ya magunia ya kahawa ya mtu mwingine, maandishi yametazama sakafu. Mteja wangu alikwenda mwenyewe na daladala kulichukua, nikamrudishia nauli, nikamwongezea kitenge kimoja. Mpaka leo ananunua kwangu.