Leithi ya kwanza: kagua nini kabla ya kulipa, nunua nini baada ya hapo

Leithi ya chuma, mashine inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga, hutajwa kwa vipimo viwili: kipenyo kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda (reli ambazo kisu husogea juu yake), na urefu kati ya senta mbili (ncha zinazoshikilia kipande pande zote). Ile ndogo ya 7x12 (inchi) hubeba kipenyo cha kama sentimita 18 na urefu wa 30. Kipimo cha kwanza kina hila kidogo, maana kazi (kipande kinachochongwa) ikiwa ndefu hupita juu ya kitelezi cha kisu, sehemu inayosogeza kisu kuelekea kwenye kazi, na hapo nafasi hupungua sana. Uliza vipimo vyote viwili, na pia tundu la spindo, yaani mhimili unaozungusha kazi. Zikilingana mashine mbili, chukua iliyo nzito: uzito hutuliza mtetemo, na mtetemo ndio unaochora mawimbi kwenye chuma na kuvunja kisu cha kukatia.

Ukienda kuona mashine iliyotumika, beba dayali geji (kipimo cha mshale kinachoonyesha msogeo mdogo sana) yenye stendi ya sumaku. Simika stendi kwenye kichwa cha mashine (upande wenye spindo), ncha ya geji iguse pua ya spindo, kisha bana bomba imara kwenye chaki (kishikio chenye taya kilicho mbele ya spindo) ulinyanyue kwa mkono. Geji ikisogea zaidi ya milimita 0.03, beringi zinacheza. Pengine zinahitaji kukazwa tu. Lakini ukizungusha spindo kwa mkono ukasikia mkwaruzo, hesabu gharama ya beringi mpya.

Kisha kitanda. Sogeza gari la kisu (sehemu inayobeba kisu juu ya kitanda) karibu na chaki, kaza vibanio vyake hadi liwe zito kidogo, halafu lisukume kuelekea mkia, upande ulio mkabala na chaki. Likikwama njiani, kitanda kimelika upande wa chaki, ambako kazi nyingi hufanyika. Kasoro hiyo ni ghali kuiondoa. Mpini wa kitelezi ukizunguka bure kwa milimita 0.1 au 0.2 ni kawaida. Nusu milimita ni nati iliyokwisha, sababu ya kushusha bei, si ya kuondoka.

Fungua kifuniko cha ubavuni uhesabu gia za kubadilisha. Zisipotimia, hesi nyingi (meno ya skrubu) hutazikata. Mashine ya inchi huhitaji gia ya meno 127 ili ikate hesi za milimita kwa usahihi, kwa kuwa inchi 5 ni milimita 127 kamili.

Mota ya fezi tatu isikutishe kama nyumbani una fezi moja: kibadili masafa (kifaa kinachotoa fezi tatu kutoka fezi moja) kitaiendesha, mradi kibao cha mota kisome volti 220/380 au 230/400, uiunge kwa delta (uunganishaji wa nyaya wa volti ya chini). Usiweke swichi kati ya kibadili na mota. Kuikata ikiwa inazunguka kunaweza kuua kibadili.

Bajeti isiishie kwenye mashine. Ukiwa na chaki ya taya tatu, ongeza ya taya nne zinazojitegemea, chaki ya drili ya kuingia kwenye mkia, senta inayozunguka, drili za senta (za kutoboa tundu la kuanzia), maikromita ya milimita 0–25, kalipa na grainda ya benchi. Anza na visu vya hai-spidi (chuma maalumu cha visu, HSS). Kabaidi, aina ngumu zaidi ya kisu, hutaka mwendo na uthabiti ambao mashine ndogo haina, na kisu cha hai-spidi kikibutuka unakinoa mwenyewe.

Kimo cha kisu, yaani ncha ifike katikati ya kazi, huwatesa wengi. Bana rula nyembamba ya chuma taratibu kati ya ncha ya kisu na fimbo ya mviringo. Ikisimama wima, ncha iko sawa na senta. Juu yake ikilalia upande wako, kisu kiko chini. Ikilalia upande wa kazi, kiko juu. Kisu kilicho chini huacha chunusi (kijinundu) katikati unaposawazisha uso wa kazi.

Kwa mwendo, zidisha 318 kwa kasi ya kukata ya mita kwa dakika, gawanya kwa kipenyo cha milimita. Chuma laini cha milimita 25 kwa hai-spidi, kasi 25, hutoa mizunguko kama 320 kwa dakika. Glovu zivuliwe, na ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata sekunde moja.