Namna ya Kuijaza Siku kwa Shughuli na Kuiweka Akili Pale Ulipo

Kuwa na kazi nyingi si sawa na kuwapo katika kazi hizo. Mtu aweza kushinda gatini akipokea mizigo na kupiga simu, na jua likatua asikumbuke hata jambo moja alilolifanya kwa moyo wake wote, kwa kuwa kutwa akili yake ilizunguka baina ya deni la mwezi uliopita na karo ya muhula ujao. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, saa wasizozitarajia, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na wakijisikiaje. Katika karibu asilimia 47 ya majibu akili ilikuwa mbali na shughuli, na furaha ilipungua ilipokuwa mbali. Hata waliokuwa wakiwaza mambo ya kupendeza hawakuwapita kwa furaha wale waliokuwa wakilifikiria lile walilolitenda. Kwa hiyo suala si kuongeza kazi tu, bali kuchagua kazi na kuifanya kwa namna itakayoishika akili.

Anza na shughuli moja ya mkono inayolidai jicho na ambayo maendeleo yake yanaonekana. Hapa Lamu hatuna haja ya kuitafuta mbali. Anayeshona kofia ya vito hapati nafasi ya kuwa kwingine, kwa sababu kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano, na kosa hujionyesha papo hapo. Kusuka ukili, yaani mkanda wa miyaa (majani makavu ya kusukia) unaoshonwa kuwa mkeka, kazi ambayo akina mama wa vijiji vya Kipungani na Matondoni wanaijua vyema, kuna faida nyingine ambayo mimi naithamini zaidi: waweza kuuweka chini mtoto akilia na kuushika tena baadaye bila kupoteza chochote, na kila ukirudi unauona urefu wake. Asiyejua ushoni wala ususi achambue mchele, akune nazi au atengeneze nyavu zilizopasuka.

Kabla ya kuanza, weka kipimo cha leo, kwa mfano safu moja ya vito au pima moja ya ukili, na simu uiache chumba kingine, si mfukoni wala chini ya mto. Kisha fanya kazi hiyo peke yake. Akili itaondoka, nayo itaondoka mara nyingi. Usijilaumu wala usianze kuyafuata mawazo ili ujue yalikotoka. Irejeshe kwenye kitu unachokigusa: hesabu miyaa iliyo mkononi, sikiliza sindano ikipenya kitambaa, angalia rangi. Anayejitahidi kupata khushuu, yaani utulivu wa moyo, katika swala anaijua njia hii tayari, kwani mawazo yanapomchukua huyarudisha kwenye maneno anayoyasoma, na hurudia hivyo kila mara bila kuivunja swala yake. Kurudi huko ndiko mazoezi yenyewe.

Usingoje hamu ije kwanza. Katika tiba ya sonona, wataalamu humsaidia mgonjwa kupanga shughuli ndogo ndogo na kuzitekeleza kwa wakati wake hata kama hana moyo nazo, kwa sababu mara nyingi hamu hufuata baada ya kazi kuanza. Hata asiye mgonjwa anafaidika na utaratibu huo, hasa zile asubuhi nzito.

Siku nayo igawanywe. Adhana tano zinatosha kuwa mipaka: baina ya moja na nyingine weka jambo moja kubwa, na ibaki nafasi ya wageni, kwa maana kwetu mgeni hafukuzwi kwa ajili ya ratiba. Mwenye kazi ya pwani ana mpaka mwingine, nao ni maji. Kwa kuwa maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na kwa kuwa maji ya bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa na kupwa kuliko maji mafu, mvuvi hawezi kuitegemea saa ya juzi. Analazimika kuitazama bahari ya leo. Ukiishi Lamu na huvui, bado ni mazoezi mema kujua kila asubuhi maji yako wapi.

Wasiwasi hauondoki kwa kukatazwa, basi upewe saa yake. Chukua daftari, na kila wazo la kesho linapokujia katikati ya kazi liandike kwa maneno machache, kisha rudi kwenye kazi. Baada ya alasiri kaa barazani ulisome daftari hilo kwa muda wa robo saa. Lenye dawa lipangie siku, na lisilo na dawa lifute au liache hadi kesho saa ile ile. Robo saa ikiisha, funga daftari, hata kama mambo hayajaisha.

Nataka kutahadharisha jambo moja. Shughuli zisigeuzwe kuwa maficho. Aliyefiwa anahitaji kulia na kukaa na watu wake, na kumrundikia kazi ili asahau ni kumdhulumu. Vilevile, usingizi ukikosekana, chakula kikakataliwa na huzuni ikadumu zaidi ya wiki mbili, au mtu akianza kusema kwamba haoni sababu ya kuishi, ukili na daftari havitoshi. Nenda Hospitali ya King Fahd hapa Lamu au kituo cha afya kilicho karibu ukamweleze mhudumu waziwazi, na kwa anayetaja kujidhuru usingoje hata siku moja. Ikiwa ni ndugu yako au jirani, usimwelekeze tu njia. Fuatana naye, na ukae naye hadi atakapoonwa.