Usihame Jimbo Kabla ya Kupiga Hesabu ya Anwani

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita, familia zetu hapa Marekani huanza kuulizana: tuhamie Texas? Huko hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Mwingine anajibu kwamba shule nzuri ziko Massachusetts. Wote wawili wanasema kweli, lakini ukihama kwa kweli hiyo peke yake unaweza kuumia. (Ndugu zangu wa Kenya, humu nikisema kodi nina maana ya ushuru, si ile ya mwenye nyumba.)

Texas, Florida na Tennessee ni miongoni mwa majimbo yasiyokata kodi ya mapato kwenye mshahara. Kodi ya serikali kuu inabaki palepale. Walimu na polisi wa majimbo hayo nao wanataka kulipwa, hivyo fedha hutafutwa kwingine. Tennessee huzitafuta dukani: jimbo linatoza asilimia 7 kwenye mauzo, kaunti na miji inaongeza yake juu, na hata unga na mchele vinatozwa asilimia 4 ya jimbo. Minnesota, ambayo kodi yake ya mapato huanzia asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85, haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo wala kwenye vyakula vingi vya kupika nyumbani. Tangu 2023 wanafunzi wa shule za umma huko wanapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, bila kujali kipato cha wazazi. Mwenye watoto wanne aipigie hesabu sahani hiyo kwa miezi tisa, ndipo aseme Minnesota ni ghali.

Texas nitakaa nayo kidogo, kwa sababu wengi wetu ndiko tunakokimbilia. Kule mzigo uko kwenye kodi ya majengo, na sehemu kubwa ya kodi hiyo ndiyo inayoendesha shule. Chukua nyumba ya dola 350,000 kwenye vitongoji vya Dallas au Houston. Viwango vya kaunti, mji na wilaya ya shule vikijumlishwa vikafika asilimia 2, hiyo ni dola 7,000 kwa mwaka kabla ya punguzo, na utalipa hata ukipoteza kazi. Familia yenye kipato cha dola 80,000 Massachusetts, kwa kiwango cha asilimia 5, haizidi dola 4,000 za kodi ya mapato ya jimbo. Kodi ya majengo ipo huko pia, na bei za nyumba karibu na Boston zinatisha, kwa hiyo simshauri mtu akimbilie Boston. Ninachosisitiza ni kwamba mpangaji na mnunuzi wa nyumba hawana hesabu moja, hata wakiwa na mshahara uleule.

Rafiki yangu alinunua nyumba mpya kabisa. Mwaka wa kwanza malipo yake ya mwezi yalikuwa mepesi, akashukuru Mungu. Hakuna aliyemwambia kwamba Texas thamani huhesabiwa kwa hali ya tarehe 1 Januari, na siku hiyo kiwanja chake kilikuwa bado kitupu. Alikuwa analipia ardhi tu. Mwaka wa pili kodi ikaja ya nyumba nzima, benki, inayokusanya kodi hiyo pamoja na mkopo, ikadai na pengo la nyuma, malipo ya mwezi yakapanda kwa mamia ya dola. Watoto walikuwa wameshazoea shule na marafiki. Iliniuma sana, kwa sababu swali moja lingemwokoa: nyumba ikishakamilika, kodi yote kwa mwaka ni kiasi gani? Uliza hivyo kabla ya kusaini. Uliza pia kama eneo liko ndani ya MUD, chombo cha maji na miundombinu ambacho nacho kina kodi yake. Ukishahamia, omba punguzo la makazi (homestead exemption), la anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, kwani haliji lenyewe. Tangu 2025 linaondoa dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule, na kuliomba ni bure.

Sasa shule. Katika mtihani wa kitaifa wa NAEP wa 2024 Massachusetts ilikuwa juu kama kawaida yake. Lakini Mississippi, jimbo maskini ambalo zamani lilikuwa mkiani, darasa la nne lilipita wastani wa taifa katika kusoma, baada ya sheria ya 2013 iliyobana ufundishaji wa kusoma madarasa ya chini. Na jina la jimbo halimfundishi mwanao. Anayemfundisha ni mwalimu wa shule ambayo anwani yako imepangiwa, na mara nyingi ukivuka barabara moja unaangukia shule nyingine kabisa. Ingia tovuti ya wilaya ya shule, andika anwani kamili, usimwamini dalali.

Zile alama za 1 hadi 10 za GreatSchools, tovuti inayopima shule, zitumie kwa uangalifu. Alama ya jumla mara nyingi hufuata kipato cha mtaa. Fungua ndani, utazame wanafunzi wanapiga hatua kiasi gani kwa mwaka, na wanaojifunza Kiingereza wanafanyaje. Kisha piga simu shuleni uulize walimu wa Kiingereza kwa wageni ni wangapi. Kama makaratasi yenu hayajakamilika, msimfiche mtoto nyumbani: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1982, Plyler dhidi ya Doe, shule ya umma haiwezi kumkataa kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kuazima anwani ya shangazi ndiko kutakakowaletea matatizo.

Mwenye kijana wa darasa la 11 aangalie na chuo. Vyuo vya umma kwa kawaida hutaka familia iwe imeishi jimboni miezi 12 ndipo itozwe ada ya wenyeji. Ukihama Januari na yeye anaanza chuo Agosti, huenda mwaka wa kwanza ukalipa ada ya mgeni, ambayo mara nyingi ni mara mbili au tatu ya ile ya wenyeji.